Ufa kwenye Bawa la Ndege

Gerlinde Asbeck aliingia karakana ya Dörnholt akiwa na miaka kumi na minne, akatoka na sitini. Kazi yake ilikuwa moja tu, kulehemu pini nyuma ya beji. Beji za kwaya, za wazima moto, za vyama vya walenga shabaha. Hapa Lüdenscheid, mji wetu wa Ujerumani, kitu cha kubandika kifuani tunakigonga wenyewe. Alipostaafu, watu wakaanza kumletea jikoni beji kuukuu za marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakitaka kujua kama ni za kweli na ni nani aliyezitengeneza. Yeye kila beji aliigeuza kwanza. Usoni, alisema, beji zote zinafanana. Fundi aliyeitengeneza utamjua kwa mgongo wa beji.

Mwaka mmoja kanisa letu liliandaa maonyesho ya kazi za mji, yafunguliwe Jumapili ya kuwakumbuka marehemu. Bwana Eberhard Lohoff, mzee wa miaka themanini, akaleta beji ya baba yake. Baba huyo alikuwa rubani, akaanguka na ndege Aprili 1918. Eberhard alizaliwa Juni. Mama yake alimlea akimwambia kuwa beji ile waliivua kifuani mwa marehemu, na mzee hakuwa na kitu kingine cha baba yake.

Daktari Terbrüggen, mtaalamu aliyeletwa kusimamia maonyesho, aliitazama kidogo akaisogeza pembeni.

"Haina alama ya mtengenezaji. Na pini imelehemiwa kwa bati, si kwa fedha. Hii ni ya kuiga, Bwana Lohoff. Pole."

Nilikuwa napanga vikombe mle katika ukumbi wa kanisa. Mzee alianza kuifunga katika leso, nikaenda kumsaidia. Jioni nikamsimulia Gerlinde, na asubuhi ya Alhamisi alikuwa mbele ya Daktari na kioo chake cha kukuzia, Lohoff kakaa nyuma yake.

"Bwana Daktari, umelehemu pini ngapi maishani?"

"Sijalehemu hata moja, Bi Asbeck."

"Mimi nimelehemu mpaka pua haisikii tena harufu ya kahawa. Hii bati ni ya mtu aliyeirekebisha pini ilipovunjika. Tazama chini yake, hapa. Lile doa jeupe ni la fedha. Ndiyo kazi ya kwanza."

"Na alama?"

"Karakana ndogo ziliwagongea beji wafanyabiashara wakubwa. Nani angekubali jina la fundi wake likae kwenye mali anayoiuza yeye?"

"Hayo ni maneno mazuri. Mimi nataka ushahidi."

"Utaupata kabla ya Jumapili."

Akamwomba Lohoff beji, akaenda moja kwa moja kwa Wilfried Kötter, aliyekuwa mchonga kalibu wa Dörnholt, yaani vile vipande vya chuma vigumu ambavyo beji hugongwa juu yake. Tangu zamani pale karakanani, kila kalibu iliporudi kutoka kusuguliwa, waligonga nayo mara moja juu ya kipande cha madini laini ya risasi, wakakwaruza mwezi na mwaka nyuma yake. Karakana ilipofungwa, Kötter alivibeba vile vipande vya risasi vyote kwenye kopo la biskuti.

"Umekuja kuniona mimi au kopo langu?" akauliza mlangoni.

"Kopo. Wewe nimekuona miaka arobaini, nimetosheka."

"Basi panguza miguu. Kopo langu halipokei watu wenye matope."

Walipekua mpaka wakapata vipande viwili vya beji ya marubani, taji juu, majani pembeni, ndege katikati. Cha kwanza kilikuwa safi. Cha pili kilikuwa na mstari mwembamba kama unywele, ukikata ncha ya bawa. Kalibu ikipata ufa, ufa huo hutokea umeinuka kwenye kila beji inayogongwa. Gerlinde akaweka beji ya Lohoff kando ya kipande hicho. Unywele ulikuwa pale pale, pembe ile ile, ila mrefu zaidi kidogo.

Hakungoja. Alimpigia mzee kwa simu ya Kötter iliyo karibu na mlango, akamwambia, "Ni ya kweli, Bwana Lohoff. Imegongwa kwetu." Akarudi anatabasamu.

Kötter alikuwa amekigeuza kile kipande.

"Gerlinde. Nyuma umetazama?"

Kile kisicho na ufa kiliandikwa Februari 1918. Chenye ufa, Septemba 1918. Na ufa haurudi nyuma, hurefuka tu. Ule wa beji ulikuwa mrefu kuliko wa Septemba. Basi beji iligongwa wakati rubani ana miezi mitano kaburini, au zaidi.

"Nyamaza tu," Kötter akasema. "Daktari anataka karakana, mpe karakana. Tarehe nani ataiuliza?"

"Mzee nimeshamwambia nusu. Nusu iliyobaki ni yangu kuimaliza."

"Utamuua yule mzee."

"Nitapeleka keki."

Jumamosi alasiri nilikwenda naye kwa Lohoff, keki ya tufaha mkononi, nikiomba kimoyomoyo Mungu amwekee maneno kinywani. Hakuyazungusha. Aliweka vipande viwili na beji mezani, akampa mzee kioo, akamwonyesha ufa, kisha tarehe.

Lohoff alitazama kwa muda mrefu. Kahawa hakuigusa.

"Kwa hiyo hakuivaa."

"Hakuivaa. Yake labda iliungua naye. Sijui."

"Mama aliniambia waliivua kifuani." Akageuza beji, akapitisha kidole juu ya pini. "Septemba mimi nilikuwa na miezi mitatu. Karakana yenu ilikuwa wapi wakati ule?"

"Pale pale, juu ya kilima."

"Kutoka kwetu ni mwendo wa saa nzima. Na chakula hakikuwepo mwaka ule." Akaiweka beji kiganjani. "Mama alikwenda kuiagiza mwenyewe, na hakuwa na wa kumwachia mtoto. Atakuwa alinibeba."

Gerlinde alimkatia keki.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, alimkabidhi Daktari vile vipande. Daktari alivipima, akapima tena, akavua miwani.

"Nilikosea, Bwana Lohoff. Tuandike nini kwenye kadi ya beji?"

"Andika kwamba mama yangu ndiye aliyeiagiza."

"Hilo hatuna ushahidi nalo."

Mzee akamgeukia Gerlinde. Nilijua inamuuma Gerlinde, lakini alitikisa kichwa. "Daktari yuko sawa. Kadi iandikwe tunachokijua. Karakana ya Dörnholt, baada ya Septemba 1918. Mengine ni yako kuyasema, na wewe una mdomo."

Baada ya majina ya marehemu kusomwa, watu walishuka ukumbini. Lohoff alisimama kando ya kabati la kioo tangu mwanzo hadi tulipokusanya vikombe, akimsimulia kila aliyepita habari za mama yake.