Jina la Mwisho Mgongoni mwa Leonard

Katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa, Irene Kubiak alikuwa ameshona majina matano mgongoni mwa jezi moja, na yote matano alikuwa ameyafumua. Jezi ilikuwa ya mumewe, Leonard, mpeleka barua mstaafu, na majina yalikuwa ya warushaji wa timu yao ya mpira wa Kimarekani ya Toledo, Wapuliza Vioo. Mrushaji ndiye kwotabeki: mpira unaanzia mikononi mwake, yeye ndiye anayeamua aurushe kwa nani, na timu ikifungwa yeye ndiye anayesemwa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Toledo ilikuwa ikifungwa sana. Watu wengine, mrushaji akifukuzwa, hununua jezi mpya. Leonard hakuona sababu. Jezi ilikuwa nzima, mke alikuwa na sindano, na jina ni uzi tu.

Irene hakuupenda mpira wala hakuuchukia. Warushaji aliwapima kwa kazi waliyompa. Pruitt alikuwa kijana wa maana, herufi sita. Ostrander ndiye aliyemuudhi: herufi tisa, zikashonwa Novemba ya msimu wake wa kwanza kwa sababu Leonard hakuweza kungoja, zikafumuliwa kabla hazijafuliwa mara nne. Baada ya Ostrander, Leonard alitunga sheria. Jina halishonwi mpaka mrushaji ashinde mechi ya kwanza ya msimu wake wa pili, na mechi hiyo huwa Septemba. Sheria hiyo ilijulikana parokia nzima. Padre aliwahi kuitaja kwenye mahubiri, alipokuwa akizungumzia subira, na Leonard akainama kidogo pale alipokaa kama mtu anayepewa nishani.

Sasa kulikuwa na kijana mpya, Tavian Castleberry, miaka ishirini na miwili. Alikuwa amemaliza msimu wake wa kwanza kwa kushinda mechi sita na kupoteza kumi na moja. Irene alikuwa ameshahesabu herufi zake. Zilikuwa kumi na moja pia.

Hizo zisingemsumbua kama si mambo mawili. La kwanza ni kitambaa. Mgongo wa jezi ulikuwa umetobolewa hadi umekuwa chekecheke; ukiianika juani ungeweza kusoma majina yote matano yakipishana. Irene alijua kwa vidole kwamba kitambaa kile kitabeba jina moja zaidi, basi.

La pili ni macho. Mwezi Januari daktari alimwambia kwamba katikati ya macho yake pamekwisha kuharibika, na kwamba pembeni patabaki salama. Irene aliuliza kuhusu sindano. Daktari alisema majani yakianza kuanguka hataweza tena kushona, na akampa kijitabu chenye maandishi makubwa. Majani ya Toledo huanza kuanguka Septemba.

Tayari kulikuwa na doa juu ya kila kitu alichokitazama. Akitaka kumwona Leonard vizuri mezani, ilimbidi aangalie friji, amwone kwa pembeni ya jicho. Hakumwambia. Leonard alikuwa mtu wa kutengeneza vitu. Goti la Irene lilipouma mwaka mmoja nyuma, alifunga vyuma vya kushikilia chooni, ngazini, barazani, na kimoja karibu na jiko ambacho hakuna mtu aliyewahi kujua ni cha nini. Akiambiwa habari za macho, siku hiyohiyo angeficha sindano zote. Irene aliogopa hilo kuliko upofu wenyewe. Alitaka kushona jina la mwisho kwa mkono wake, na alitaka liwe jina ambalo hatalifumua.

Kwa hiyo mwaka huo, kwa mara ya kwanza, alianza kusikiliza mabishano.

Mabishano yalikuwa kila Ijumaa ya Kwaresima, saa kumi na moja jioni, kwenye ukumbi wa parokia, penye samaki wa kukaanga, saladi ya kabichi na pierogi, vile viandazi vya Kipolandi vilivyojazwa viazi. Msimu ulikuwa umekwisha, mwingine uko mbali, na hakukuwa na nyama. Watu walimla Castleberry. Meza ya kina Kubiak ilikuwa ile iliyo karibu na madumu ya kahawa. Irene na Leonard walikaa wakitazamana, na pembeni alikaa Chester, mdogo wake Irene, dereva wa basi aliyestaafu, ambaye hakuwahi kumkatia tamaa kijana yeyote wa Toledo.

"Mipira kumi na saba imenaswa na wapinzani," Leonard alisema. "Kumi na saba, shemeji! Mimi miaka thelathini na sita na mkoba wangu sijawahi kuwapa watu kumi na saba vitu visivyo vyao."

"Na ishirini na miwili ya kufunga hukuiona? Wewe ulipokuwa na umri wake ulikuwa unapeleka barua mtaa usio wako."

"Wiki moja tu hiyo."

"Wiki tatu! Dada yangu hapa ndiye aliyekuwa anapokea barua za watu. Ukaja kuziomba, ukaomba na chakula, na hujaondoka mpaka leo."

Rosalie Dudek, mkuu wa jiko la parokia, alifika na sinia la samaki na maoni yake. "Mnamwonea mtoto wa watu. Tatizo ni ule ukuta wa mbele. Yale mabonge kazi yao ni kumkinga tu, lakini yanapisha watu kama wahudumu wa hoteli. Karibu bwana, mrushaji yuko chumba cha nyuma!"

"Hata Ostrander tulisema ni ukuta," Leonard akasema.

Jina hilo likitajwa, watu hula kimya. Walikula kimya.

"Mpira wake unafika kabla mtu hajageuka," Irene akasema.

Wakamtazama. Chester alikuwa na samaki mdomoni na akamwacha hapohapo.

"Mpira wa nani, dada?"

"Castleberry. Wale wanaokimbia pembeni kabisa. Mpira unamtoka mkononi wao bado wamempa mgongo, na wakigeuka tu, uko hapo. Huyo Ostrander alikuwa anangoja wageuke kwanza."

Alikuwa amesema mambo mengi ya mpira kuliko jumla ya yote aliyowahi kusema tangu siku ya harusi. Na yalikuwa kweli. Tangu Desemba, katikati ya skrini hapakuwa na kitu kwake ila doa, kwa hiyo alikaa kwenye kochi kila Jumapili akiangalia kingo za uwanja, ambako hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiangalia.

Chester akapiga meza hadi kabichi ikaruka. "Miaka arobaini na mmoja! Ulikuwa wapi muda wote huo?"

"Nilikuwa nashona."

Leonard aliweka uma chini. "Tangu lini unaangalia pembeni? Kila mtu anaangalia mpira."

"Naangalia ninachoona."

"Haya. Lakini sheria ni sheria, Irene. Septemba." Kisha akaomba ndimu.

Irene alimpa ndimu. Alitamani kumpiga nayo. Alimpenda mtu huyu, na kwa dakika nzima alishindwa kukumbuka kwa nini.

Jumatatu iliyofuata akaanza. Leonard, ingawa alikuwa amestaafu miaka sita, bado alizunguka njia yake ya zamani kila asubuhi, saa nne hadi saa sita, mikono mitupu, akisimama kwenye kila kisanduku cha barua kwa mazoea. Saa hizo mbili zilikuwa za Irene. Alikaa dirishani na jezi mapajani. Vipande vya karatasi vya kukatia herufi vilikuwa kwenye droo tangu zama za Pruitt, na mkasi aliufuatisha kwa kidole. Kutunga uzi kulimla robo saa kila mara. Baada ya hapo mkono ulijua kazi yake. Matundu ya zamani yalikuwa pale, na vidole viliyasoma: hapa alikaa Pruitt, hapa Ostrander. Alijichoma sana. Alitukana mara mbili, Kwaresima ile, na akaungama.

Ilimchukua siku kumi na tatu. Mwishoni alipitisha kidole juu ya jina kutoka mwanzo hadi mwisho, na kidole kikamwambia limenyooka.

Ijumaa ya kuelekea Jumapili ya Matawi, Leonard aliporudi matembezini, alimwekea jezi mezani jikoni, mgongo ukiwa juu.

"Najua sheria," alisema. "Nimeivunja. Nuna ukitaka."

Leonard hakununa. Alishika jezi kwa mikono miwili na kukaa nayo. Irene alikuwa ameshona vitambaa vya altare kwa miaka thelathini, na Rosalie Dudek alikuwa akivipima kwa rula akitafuta kosa bila kulipata. Jina lililokuwa mezani lilianzia begani na kuteremka kama ngazi ya kwenda chini ya nyumba. Herufi mbili zilikuwa zimepandiana. Ya mwisho ilikuwa kwapani.

"Umeshona lini?"

"Asubuhi, ukiwa umetoka."

"Miwani ulivaa?"

"Nilivaa."

Irene akataka kuuona uso wake. Akageuza macho. Leonard akafuata macho hayo hadi yalipofika, kisha akamrudia yeye.

"Unaangalia nini kwenye friji?"

"Wewe," alisema, kabla hajafikiri.

Likawa limeshatoka. Irene alingoja. Alingoja Leonard ainuke akalete sanduku la vifaa, aanze kupima kuta, aulize sindano ziko wapi. Leonard aliinuka. Alivaa jezi juu ya sweta, akaivuta chini mgongoni ikae sawa, ingawa hapakuwa na namna ya kukaa sawa.

"Inabana kidogo," alisema. "Ni sweta."

Jioni akaingia nayo ukumbini. Rosalie alilisoma jina akiwa na mwiko mkononi, akainamisha kichwa ili alisome hadi mwisho.

"Mama yangu! Hii kaishona nani, mlevi?"

"Imeshonwa hivyo," Leonard akasema. "Na huyo kijana atakuwa mrushaji bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Mpira wake unafika kabla mtu hajageuka. Nyie hamuoni kwa sababu mnaangalia mpira. Angalieni pembeni!"

Chester akamkodolea macho. "Shemeji, wiki iliyopita ulimwita jalala."

"Wiki iliyopita nilikuwa mjinga. Wewe umekuwa mjinga miaka mingapi, na nimekuvumilia?"

"Na mipira kumi na saba?"

"Ukuta, Chester! Rosalie kasema, ni ukuta."

"Na Septemba akifungwa je?"

"Atafungwa."

"Na mwaka kesho kutwa wakimfukuza?"

"Wamfukuze. Aende akauze magari. Jina hili halifumuliwi."

Alisema kwa sauti kubwa hadi watu wa meza ya jirani wakaacha kula. Kisha akachukua sahani yake, ambayo Rosalie alikuwa ameiweka mahali pake pa siku zote, upande wa pili wa meza. Akazunguka nayo. Akavuta kiti kwa kelele kwenye sakafu, akakiweka ubavuni mwa Irene, kidogo nyuma ya bega, mahali ambapo hakuna mtu anayekaa akiwa na nia ya kuzungumza, na akaketi.

"Hapa?" alimuuliza taratibu.

"Mbele kidogo."

Akasogea mbele kidogo, akaanza kula. Irene akaangalia mbele moja kwa moja, kwenye madumu ya kahawa, na akamwona vizuri, na kabichi kidevuni.