Wifi Anataka Kumrudisha Mama Gizani

Jina langu msilitaje, tafadhali. Wifi yangu ana duka Kibiti tangu biashara ilipoachiwa huria, na magazeti ya zamani ndiyo anayofungia sukari. Semeni tu niko upande wa Mtunda.

Nina miaka ishirini na minne, nimeishia darasa la saba, nina watoto wawili na wa pili bado ananyonya. Mume wangu yuko Salale kwenye uvuvi wa kamba, huja mara mojamoja. Nyumbani nimebaki na mama mkwe, ambaye akili imemtoka kidogo kidogo kwa uzee. Alianza kusahau chumvi, kisha majina ya watu, sasa hata mimi hanijui. Lakini huyu ndiye aliyenilea uzazi wangu wa kwanza kwa mikono yake, siwezi kumtupa.

Wifi alisema ni aibu mama kuonekana vile. Mganga wake naye akasema bibi kaguswa, akae ndani, dirisha lifungwe, jua lisimpate. Nikatii. Basi kila jua likielekea kuzama mama alikuwa mtu mwingine. Anagonga mlango, anavua nguo, anapiga kelele. Siku moja alinikwaruza uso na mtoto nimembeba mgongoni.

Nikaanza kumshuku wifi. Alikuwa akija na chupa ya mafuta ya kumpaka mama, nikasema moyoni, huyu kaleta kitu humu. Nikaificha ile chupa. Mama hakutulia. Kumbe wifi naye ananishuku mimi! Nikipika uji wa mama, ananiambia, "Anza kunywa wewe." Nakunywa, tunatazamana.

Jioni moja mama akanishika mkono pale mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya kitoto, "Kungwi, mie natolewa lini? Nimechoka ndani."

Nilikaa chini. Ninyi wa bara huenda hamjui: huku kwetu binti akivunja ungo huwekwa ndani, halioni jua, kungwi akimfunda mpaka siku ya kutolewa kwa vigelegele. Na mimi niliwekwa. Nalijua lile giza, mtu hajui kama ni asubuhi au jioni. Mama alijiona ni mwali.

Nilipompeleka mtoto kliniki Mchukwi nikamweleza muuguzi, mama mmoja wa bara asiye na mzaha.

"Chumba kina mwanga?"

"Hapana, dirisha tumelifunga."

"Mnamtia gizani halafu mnashangaa anahangaika? Mwili wake umeshasahau mchana na usiku. Mtoe asubuhi akae kwenye mwanga, lakini asiungue na jua kali. Mchana asilale sana. Akili haitarudi, usijidanganye. Ila ile fadhaa inaweza kupungua. Wengine huwasaidia, wengine hapana. Jaribu."

Kesho yake nikamfunika mama kanga mpya, nikampigia kigelegele cha chinichini. "Mwali, siku yako leo." Akatoka ameinamisha macho kama msichana. Nikamkalisha barazani, nikampa ungo apepete mchele. Tangu hapo kila asubuhi namtoa, na kwake kila asubuhi ni mara ya kwanza. Mwanzoni sikuona tofauti. Baadaye jioni zikapoa, akawa anakula, analala. Zipo siku bado anagonga mlango, sitawadanganya.

Majirani wakaanza: "Anamwanika mkwewe kama muhogo." Maneno yakafika dukani, wifi akaingia bila hodi.

"Mama yangu unamchezea ngoma? Umempa nini hata akatulia hivi?"

"Jua, wifi."

"Jua! Jua lingekuwa dawa, wavuvi wote wangekuwa na akili."

"Basi kaa naye humo ndani kutwa moja, dirisha limefungwa, uone."

Akalifunga mwenyewe, akashinda naye. Jioni ile mama alimng'ata mkono. Wifi akalia, kisha akaninyooshea kidole: "Umemfundisha wewe!"

Sasa mume wangu ameniletea ujumbe. Ijumaa dada yake anakuja kumchukua mama, akamweke ndani kwa yule mganga. Nikibisha, nirudi kwetu. Sijui wamemwambia nini. Mara ya mwisho alipokuja hakugusa chakula changu, alisema ameshiba. Mtu katoka Salale na mashua tangu alfajiri, ameshiba nini?

Leo asubuhi nilipomtoa mama, aligeuka akautazama mlango.

"Kungwi, hawatanirudisha?"

Nikamwambia, hawatakurudisha. Nimeshatamka.

Wenzangu mnaouguza wazee, na ninyi kina baba pia, niambieni kabla ya Ijumaa: nisimame mlangoni ndoa yangu ivunjike, au nimkabidhi mama nikijua anarudi gizani? Nifanye nini mimi?