Shada la Sweta Zetu

Mama alifumua sweta zetu za utotoni, akawa anazungusha uzi vidoleni, anaufunga katikati, halafu anaukata kwa makasi. Papo hapo uzi ulichanua ukawa mpira wa manyoya. Mimi mtu mzima nilibaki mdomo wazi. Sweta kuukuu, jamani!

Aliifunga mipira hiyo kwenye duara la waya, akalitundika mlangoni. Jirani yetu akaja mbio na sukari, machozi tele. Kwetu Mau Narok shada ni la kaburini.

"Pole, dadangu. Nani ametuacha?"

"Hakuna aliyekufa," Mama akamjibu. "Watoto wamekua tu."

Jirani akaupapasa mpira mwekundu, uliokuwa sweta yangu ya nasari, akaketi mlangoni, akaendelea kulia.