Meseji za Mume Wangu Bado Zinaingia Kila Jioni na Tulishamzika

Admin, naomba unifiche, mama mkwe ana watu kwa huu mtandao.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu, naishi Rongo na mtoto wangu mmoja, ndiyo anaanza kuongea. Shule niliachia form two, nikikosea kuandika mnivumilie.

Mume wangu alikuwa fundi wa kompyuta. Alifanyia kazi zahanati moja huko Sori, kando ya ziwa, na kwa vile aliogopa ziwa likifurika faili za wagonjwa zitapotea, aliweka kompyuta nyingine hapa kwetu, chini ya meza ya TV. Alisema inavuta nakala kutoka Sori kupitia mtandao. Hiyo kitu ilikuwa na skrini nyeusi na maandishi tu. Nikimuuliza picha ziko wapi, anacheka, ananiambia hii ni Linux, haina maringo.

Kila jioni akiwa kazini nilikuwa napata meseji kutoka laini yake ya kazi: "Nyar Mfangano, zote zimefika. Lala, niko." Kwetu ni kisiwa cha Mfangano, hivyo ndivyo alivyoniita, binti wa Mfangano. Nilijua anaandika mwenyewe.

Pikipiki ikamuua. Tukamzika kwao, upande wa Homa Bay, nikakaa huko matanga yote. Niliporudi nyumba ilikuwa giza, nikanunua tokeni za umeme, stima ikarudi. Jioni hiyo naosha vyombo, simu ikalia. Laini yake. "Nyar Mfangano, nimekwama. Niamshe."

Sufuria ilinitoka mkononi. Kesho yake ikaja tena, na kesho kutwa. Nikampigia mama mkwe, akaja na wamama wa kanisa. Sisi ni Wasabato, tunafundishwa mtu akifa amelala, hajui kitu. Lakini nilimwona mama akiishika hiyo simu kwa leso, hakutaka iguse ngozi yake. Wakaiweka juu ya kitambaa, wakaiombea. Mama akaniambia, "Nyathina, mwanangu, marehemu akikuita hauitiki. Ukiitika anakuja kukuchukua."

Mimi niliitika. Mama alipotoka nje niliandika, "Amka basi, mtoto anakuulizia." Hakujibu. Jioni ikaja ileile, niamshe. Nilikonda. Mtoto naye akazoea ule mlio, simu ikilia tu anasema, "Baba."

Juzi rafiki wa mume wangu, fundi waliyekuwa wakifanya kazi pamoja, alikuja kutupa pole. Nikamwonyesha. Akasoma, akageuka akaangalia chini ya meza ya TV.

"Shem, hii imekuja tangu lini?"

"Tangu turudi kutoka matanga."

"Na mlifanya nini?"

"Tuliomba."

Alifunika mdomo, sijui ni kicheko ama ni kilio. Akanieleza pole pole kwamba ile mashine ndiyo inayoandika, laini yake ya kazi imo humo ndani. Mume wangu aliiwekea maneno, na akaipa namba yangu kwa sababu simu yake ilikuwa haikai na chaji. Nakala zikifika inasema lala. Zikikataa inasema niamshe, ili mimi nimwambie aamke aangalie. Na wakati nyumba ilikuwa imefungwa, zahanati ilibadilishiwa kifaa cha intaneti, kompyuta ya Sori ikapewa anwani mpya, hii yetu ikawa inabisha mlango ambao haupo. Siku zote hizo faili mpya za wagonjwa hazikuwa na nakala, na sisi tunakemea pepo.

Alikaa chini na kibodi mpaka chai ikapoa. Akaweka anwani mpya, akaanzisha ile programu upya, kisha akarudisha faili moja aone kama inafunguka. Alisema nakala ambayo haijajaribiwa ni maombi tu. Simu yangu ikalia.

"Nyar Mfangano, zote zimefika. Lala, niko."

Nililia mpaka mtoto akanipanguza na gauni lake.

Sasa fundi anarudi Jumapili kumalizia. Ameniuliza aache maneno ya mume wangu ama aweke yake, na meseji ziende kwa simu yake yeye. Mama mkwe anasema zikatwe, mjane anayeambiwa "niko" kila jioni hataishi, na mtoto atakua akingoja mtu. Labda ni kweli. Lakini tangu ile jioni nimeanza kula, nimeanza hata kufikiria kufungua kibanda cha kuuza omena, hawa dagaa wa ziwa letu. Mtu anaweza kujua ni mashine na bado akalala vizuri?

Wenye mmewahi kuzika mtu mliyempenda, niambieni ukweli. Jumapili nimjibu fundi nini?