Muda Niliouokoa kwa Vidole Viwili

Bosi alimtoa mwenzangu kazini asubuhi, mbele ya wateja, chai yake ikiwa bado ya moto. Hakumwita hata pembeni. Alisema tu, "Mama, kazi ya hapa siku hizi mtu mmoja anaimaliza. Nenda ukapumzike." Huyo mtu mmoja ni mimi. Mwenzangu aliweka kikombe chini, akajifunga kanga yake vizuri, akanitazama. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mimi ni mtu wa Ngokolo, Shinyanga. Shule yangu ni darasa la saba, na ujana wangu umeishia kwenye maduara ya Geita, mashimo yale ya wachimbaji wadogo. Duara letu lilituangukia kwa sababu mwenye duara alitunyima mbao za kuegemeza kuta. Alisema mwamba wa pale mgumu. Wenzangu wakafa, mimi nikatoka na mkono wa kulia usiokunjika sawasawa. Mwenye duara huyo naye hajajibu mpaka leo, ila kwa sasa sina nguvu ya kuwadai wawili kwa mpigo, yeye na bosi.

Nikapata kazi kwenye steshenari ya bosi, hapo hapo Geita mjini. Nilimkuta huyu mwenzangu, mama wa Tinde, mjane. Ndiye aliyenifundisha kuchapa, herufi moja moja, akinicheka kidogo lakini hachoki. Wateja wetu wengi ni watu wanaoomba kazi mgodini: barua, wasifu, nakala za vyeti. Shida yangu ilikuwa mausi. Nikiishika, maumivu yanapanda mpaka begani.

Siku moja fundi wa kompyuta alikuja kutoa virusi, akaniona ninavyohangaika.

"Mzee, utaiburuta hiyo mausi mpaka lini? Shika Kontro, bonyeza C, umenakili. Kontro na V, umebandika. Kontro na H, unabadilisha jina la kampuni barua nzima kwa mara moja."

Nikavishika vitufe hivyo. Mkono wa kushoto peke yake, vidole viwili, kazi inakwenda. Barua iliyokuwa inanila asubuhi nzima ikawa inaisha mteja hajamaliza soda yake.

"Wewe baba, unakimbilia wapi?" mwenzangu akaniuliza.

"Mayu, mama yangu, kule duarani ukijaza viroba vyako unapanda juu, unapumzika. Hakuna wa kukuuliza."

"Hapa si duarani. Hapa ukijaza kiroba unaletewa kingine. Punguza mwendo."

Nilidhani ni uvivu wa mtu mzima. Kumbe alikuwa ananiambia habari ya ugali wake, maana wanawe wawili walikuwa sekondari na kazi nyingine hakuwa nayo.

Bosi alinikuta mchana nimekaa, mikono mapajani. Akauliza kulikoni. Nikamwambia nimemaliza. Akavuta kiti, akataka nimwonyeshe, nikamwonyesha. Alitikisa kichwa akatabasamu, nikaona nimesifiwa. Kesho yake akaja na kazi za maofisi mengine, lundo zima. Nikazimaliza nazo. Wiki haikuisha, akamwambia mwenzangu yale maneno ya kupumzika.

Nilimfuata bosi mezani kwake. Nikamwambia yule mama ana watoto shuleni. Akasema, "Teknolojia ndiyo imemtoa, si mimi." Nikarudi kuchapa, meza mbili sasa, na bega limerudia maumivu yale yale.

Mwenzangu amerudi kwao, anauza michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, pembeni ya barabara Tinde. Mtoto mmoja ameacha shule. Na bosi anawaambia wateja kuwa mama aliondoka mwenyewe, alichoka.

Hapana. Kompyuta haikumfukuza mtu. Wewe bosi ndiye uliyesema, mbele yangu na mbele ya wateja. Ule muda niliuokoa mimi, kwa mkono huu mbovu, ili nipumzike kidogo, na mwenzangu naye apumzike. Nani alikupa ruhusa ya kuuchukua wote? Usinijibu mimi. Panda gari uende Tinde, umwamkie yule mama, umjibu yeye, na mtoto wake akiwepo asikie.