Tenga la Bobini

Zuena alikuwa na masikio mawili ya kazi. Moja lilisikiliza cherehani yake, jingine lilisikiliza sauti ya baba mkwe. Hilo la pili ndilo lililokuwa likimchosha.

Baba mkwe mwenyewe, Mzee Mhina wa Mnyuzi, ni msukaji wa matenga ya kuku. Mara kwa mara alikuja Handeni kuwauzia wachuuzi matenga yake, na kabla ya kugeuza alipita mtaa wa Chanika, hapohapo mjini, kumjulia hali mwanawe Abdi na mke wake. Bahati nzuri mzee yule hajui kusalimia kwa sauti ndogo. Tangu kona ya mashine ya kusaga utamsikia akiuliza habari za mazao, za watoto, na za mbuzi wa watu asiowajua. Katika muda huo wa salamu Zuena aliacha kushona, akakimbilia chumba cha nyuma, akamtoa Bobini kwenye kabati, akamtia ndani ya tenga, akalitandika kabati kitenge na kupanga vitambaa juu yake. Mzee akifika mlangoni na kubisha hodi, mkwewe yuko chini amepiga magoti, mpole, anahema kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Kazi, baba."

Njia ya mwongo fupi, wanasema, lakini ya Zuena ilikuwa imefika mwaka mzima.

Bobini ni simbilisi, kale kamnyama kasiko na mkia, unene wake wa panya aliyeshiba na tabia zake za sungura. Zuena aliachiwa na mteja wake mmoja aliyehamia mbali, akampokea kwa kuona haya kukataa, na baada ya wiki mbili asingemtoa hata kwa cherehani mpya. Abdi hushinda gereji akitengeneza pikipiki za watu, nyumba inabaki kimya, na mwenye kumjibu Zuena alikuwa Bobini tu. Akisikia kisu kinagusa mchicha, anapiga mluzi. Akifurahi anaruka wima, miguu yote minne hewani, bila sababu yoyote ya maana. Zuena alimpenda kwa hilo la kuruka kuliko yote.

Tenga lilikuja kwa wema mtupu, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Abdi alimtajia baba yake kwamba paka wa jirani anamnyemelea simbilisi wa Zuena. Safari iliyofuata mzee alimpima Bobini kwa shubiri akiwa amelala, shubiri moja na kidogo, akaenda zake. Safari ya pili akaja na tenga. Lilikuwa limesukwa kwa fito zilizokwanguliwa hadi zikang'aa, limefungwa kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, na mfuniko wake ulikaa sawasawa kama kifungo kwenye tundu lake. Ilikuwa zawadi ya kwanza ambayo mzee alimpa yeye, si Abdi. Zuena aliipokea kwa mikono miwili na machozi yakamlengalenga.

Kisha akamtia Bobini. Bobini alienea. Alienea kama mguu unavyoenea kwenye kiatu, basi. Kugeuka hakuweza.

Tusimlaumu mzee. Miaka yote amesuka matenga ya safari, na sifa ya tenga la safari ni kubana. Kuku akipata nafasi ya kugeuka, gari likiruka kwenye shimo anavunjika bawa. Mzee Mhina alijulikana kuanzia Korogwe hadi Segera kwa matenga ambayo kuku ndani yake hawezi hata kujikuna. Ila Bobini hakuwa anasafiri. Zuena, fundi nguo, aliliona kosa mara moja: suruali humpimi mtu akiwa amelala, unampima ukijua atakaa, atapanda baiskeli, atakula ashibe.

"Mwambie tu," alisema Abdi.

"Mwambie wewe. Ni baba yako."

"Mimi? Baba ukimwambia kazi yake ina kasoro, anasusa chakula. Mimi simo."

Na Zuena asingeweza. Shangazi yake wa Mazingara alimfunda kabla ya harusi kwamba baba mkwe hakosolewi. Akikupa jiwe, shukuru, ulitafutie pa kuliweka. Akatafuta pa kuliweka. Akalaza chali kabati bovu la nguo, refu kama kitanda, akatandaza majani makavu, na huko Bobini akaishi kifalme, akitembelea tenga pale tu mwenye tenga alipotembelea Handeni.

Safari hii mzee alikuja na begi.

"Kuna mchuuzi hapa anataka matenga mengi," alisema akivua kofia. "Fito ziko hapahapa porini kwenu, ya nini kuzibeba kwenda na kurudi? Nitayasukia uani kwenu. Nitakaa kaa kidogo, kama sitawaudhi."

"Karibu sana, baba," alisema Zuena, na moyo ukamwanguka.

Kwa sababu sasa Bobini alikuwa amekwama. Mzee alipewa chumba cha nyuma, akalala ubavuni mwa kabati lililofunikwa kitenge, na mchana alikaa uani, hatua chache kutoka kwenye tenga lililowekwa kibarazani. Zuena alipata nafasi ya kumtoa Bobini kwa kuibia tu, mzee akienda msikitini, na hata hapo roho juu. Siku ya kwanza Bobini alitafuna fito. Siku ya pili aliacha kutafuna. Zuena alimpikia mkwe mboga, akampelekea ugali na mtungi wa maji, maana mzee alipenda sana maji. Kila akila kwa Zuena alikunywa kata baada ya kata, na Zuena alidhani ni joto la Handeni.

Siku iliyofuata, wakati wa kuandaa chakula cha mchana, alishika kisu akaanza kukata mchicha. Alikata fungu la kwanza, akakata la pili, ndipo akagundua kinachokosekana. Hakuna mluzi.

Aliinuka akaenda kibarazani. Bobini alikuwa amejikunyata, manyoya yamesimama, macho nusu, na majani ya tangu asubuhi yako palepale yamenyauka. Zuena aliingiza kidole kati ya fito akamgusa pua. Bobini hakujisumbua. Anakufa, aliwaza Zuena, anakufa kwa sababu ya adabu yangu.

Alilibeba tenga mpaka uani, akapiga magoti, akaliweka mbele ya mzee kati ya fito na kamba.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Dogo."

Mzee Mhina alishusha kisu. "Dogo nini?"

"Tenga, baba. Ni zuri, zuri sana, lakini ni dogo. Limembana. Hali chakula." Na kwa kuwa mlango ulishafunguka, yote yakatoka: kabati, kitenge, mbio za kila safari, mwaka mzima. Alisema huku anatazama ardhi, akingoja mzee asimame achukue begi lake.

Mzee hakusimama. Alishika kisu tena, akakata kamba yake ya katani, ile aliyoisokota mwenyewe, na tenga likafunguka ubavu mzima.

"Mtoe upesi," alisema. "Liko wapi hilo kabati?"

Walimweka majanini. Bobini alikaa alipowekwa, hakusogea. Zuena alimwekea bua la mchicha karibu na mdomo. Wakachutama pale mtu na mkwewe, bega karibu na bega, jambo ambalo shangazi wa Mazingara angeliita mwisho wa dunia. Kwa muda mrefu hakukuwa na lolote. Kisha pua ikatikisika. Bua likaanza kuingia mdomoni taratibu, likaisha. Bobini alitembea hadi mwisho wa kabati, akageuka, akarudi, akageuka tena, na pale katikati akaruka wima, miguu yote hewani.

"Eh!" alisema mzee. "Kumbe wanaruka?"

Zuena alilia na kucheka kwa pamoja, akajifuta na pindo la khanga.

"Afadhali umesema," alisema Mzee Mhina. "Nilipofika juzi nililinusa lile tenga. Tenga lililokaliwa hunuka mnyama. Lile lilinuka fito tu. Nikajua hulitumii. Nikasema moyoni, basi huyu binti hanitaki. Anainama, anapiga magoti, anasema ndiyo baba, ndiyo baba, na moyoni hanitaki. Nimelala na neno hilo siku zote hizi."

"Hapana, baba! Wallahi si hivyo."

"Sasa najua si hivyo. Nilikuwa mjinga wa vipimo tu. Hilo halimuui mtu."

Jioni ile aliyaweka kando matenga ya mchuuzi, akachagua fito ndefu, akazilaza chini. "Hivi?"

Zuena aliangalia. "Ongeza, baba."

Akaongeza. "Hivi?"

"Ongeza."

"Mwanangu, tunamfuga simbilisi au ng'ombe?" Lakini aliongeza, na alikuwa anacheka. Abdi aliporudi kutoka gereji alimkuta mkewe amesimama wima mbele ya baba mkwe akimwonyesha upana kwa mikono miwili, akabaki mlangoni na spana mkononi.

Walipokaa kula, mzee alimega tonge, akachovya mboga, akatafuna, akameza, akavuta mtungi wa maji. Kisha akausukuma.

"Kwa kuwa leo ni siku ya kusema," alisema, "mboga yako ina chumvi, mwanangu. Tangu harusi."

Abdi aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Zuena alitazama mtungi, akakumbuka kata zote zile alizodhani ni joto, na kicheko kikamtoka hadi akaweka sahani chini.

Kesho yake alipika mchicha kwa kubana mkono wa chumvi, akampelekea mzee uani. Mzee Mhina alionja, akafikiri.

"Ongeza kidogo," alisema.