Jipu Langu na Jeneza la Mama Bwalya

Nitawaambia, lakini msicheke mpaka nimalize, maana hata leo nikikumbuka natamani ziwa linimeze. Ilianza na kijipu kidogo cha kwapa la kulia, cha kuwasha tu, kikavimba mpaka nikawa natembea nimeuachia mkono pembeni kama kuku aliyevunjika bawa.

Katikati ya hayo rafiki yangu Mama Bwalya, niliyeuza naye samaki hapa Nchelenge tangu nilipovuka kutoka Kongo, akafariki. Maziko yalikuwa kwao, kisiwani Kilwa, humuhumu ziwani kwetu, na mimi ndiye ninayeongoza nyimbo za kina mama kanisani (na kwetu kuongoza ni mikono juu). Nikaenda kliniki. Nesi akalibonyeza, nikaona nyota mchana, akasema limeiva, lipasuliwe leo usaha utoke, ndipo lisafishwe kwa dawa. Nikamwambia, sista, ukinipasua leo, kesho nitainuaje mkono, nipe tu ile dawa ya kuoshea vidonda nimwagie juu. Akaniangalia kwa huruma, akasema kwa Kiswahili cha kwetu Kongo.

"Mama, weye unauzisha samaki. Unatiaka chumvi juu ya ngozi, ao unapasuaka kwanza?"

Jibu nilikuwa nalo, ila ubishi ni ugonjwa wangu mwingine. Nikanunua chupa dukani, nikamwagia na kumwagia, ngozi ikaungua na usaha ndani umetulia zake. Asubuhi nikabana pamba kwapani, nikavaa blauzi nyeupe ya kwaya, nikaenda ufukweni.

Jeneza lilikuwa limeshawekwa katikati ya boti. Mwenye boti akaninyooshea mkono nipande, akaushika uleule wa kulia, akavuta. Nikasikia kitu kimeachia ndani na maumivu yakapungua, nikamshukuru Mungu, mjinga mimi.

Tulipofika mbali na nchi kavu jua likawa kali na harufu ikaja. Mwanzo nilidhani ni samaki waliooza chini ya mbao, halafu blauzi ikaanza kunigandia ubavuni, nikajua. Nikajifunika kitenge mabegani, nikaubana mkono, nikainamisha kichwa kama mtu anayeomba. Wenzangu walikuwa wameziba pua, na hakuna aliyeniangalia mimi, wote walikuwa wanaangalia jeneza. Hilo liliniuma kuliko jipu, kwa sababu Mama Bwalya alikuwa mwanamke msafi sana.

Kisiwani alikuwa anatungoja Chola, binti yake wa pekee. Alikuwa amejifungua juzijuzi, hakuweza kuvuka kumuuguza mama yake, na kilichobaki kwake ni kuuona uso kabla ya kuzika, kama desturi. Mjomba akamwita pembeni, akamwambia kwa upole kwamba jeneza halitafunguliwa, mwili umeharibika, ni afadhali azikwe upesi. Chola hakulia. Alikuja akasimama karibu na jeneza (na karibu na mimi, ole wangu), akanusa, akauliza kwa sauti ndogo kama kweli ndiye.

"Mama yangu njo ananuka hivi?"

Nisiwadanganye ninyi, niliwaza kunyamaza. Lakini ule uso wa Chola sikuuweza. Nikaondoa kitenge, nikainua mkono wa kulia mbele ya kisiwa kizima, na usaha na damu vimelowesha blauzi mpaka kiunoni.

"Si mama yako. Harufu ni ya miye. Iko jipu, imepasuka mu boti."

Huko nyuma mtu akacheka, akanyamazishwa. Mjomba akasogea, akanusa, akageuza uso, akaagiza jeneza lifunguliwe. Mama Bwalya alikuwa safi, amelala tu. Chola akamshika shavu, akakaa naye hivyo mpaka wakamwondoa.

Mimi niliombwa kwa adabu nikakae mbali, kule upepo unakoelekea. Mwingine akaongoza nyimbo, nami nikasikiliza nikiwa nimekaa peke yangu kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Tuliporudi nesi akapasua, akakamua yaliyobaki, akaosha kwa dawa ileile, wala hakunisimanga.

Nimeapa, hata kipele cha ukubwa wa punje ya mtama nitampelekea nesi akione kwanza. Ule mkono niliukataza kisu ili nimwimbie rafiki yangu, na sikumwimbia hata wimbo mmoja.